Jana Jioni Mliinjika Saa Ngapi?

Maneno haya niliyasema mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wauguzi wa kliniki za watoto na wazee wa mtaa, katika ukumbi mmoja wa kanisa pale Nyalenda, Kisumu. Sikuwa na hotuba iliyoandikwa, nilikuwa na vijikaratasi tu. Nimeyaandika sasa kama ninavyoyakumbuka, pamoja na yale niliyoyasema nje ya mada.

Hamjambo nyote. Mliokaa nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele jamani, hii si mahakama. Mama mwenye mtoto, usitoke nje akilia. Mimi nimezoea kusema juu ya kilio cha watoto. Kukiwa kimya ndipo hupotewa na maneno.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31, na zaidi ya nusu yake niliipitisha kliniki ya watoto. Mnaijua ile kliniki: benchi ndefu, mizani inayoning'inia na kile kisuruali chake, boksi la chanjo, meza, na mimi nyuma ya meza na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikatembea. Akina mama huniita daktari. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawasahihisha, baadaye nikachoka.

Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya mtoto katika familia isiyo na kitu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nikianza na makosa ya wengine tutalala hapa.

Siku moja alikuja mama, nitamwita Mama Baraka ingawa si jina lake. Mtoto alikuwa ametimiza miezi 9. Nikanyoosha mkono nipewe kitabu cha mama na mtoto. Hakuwa nacho. "Kitabu kiko wapi?" "Kiko nyumbani, daktari." Nikamwambia, na nilisema kwa sauti: "Nyumbani ni wapi, Mombasa? Nenda ukakichukue." Benchi nzima ikacheka. Nami nilipenda wakicheka, maana foleni ndefu huonekana fupi watu wakicheka. Mama akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Hakurudi. Chanjo ya surua ya miezi 9 ikampita yule mtoto, na dozi ya malaria ya mwezi huo huo ikampita.

Miezi miwili ikapita hivi. Mhamasishaji wa mtaa wao, ambaye yuko humu ndani na ameniangalia hivi sasa kwa jicho la kuniomba nisimtaje, alikuja kliniki akaniambia, "Sista, yule mama uliyemfukuza." Nikasema sikumfukuza mtu. Akasema, "Haya. Yule mama uliyemwambia aende nyumbani. Hana nyumbani. Nyumba imepigwa kufuli."

Kodi ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa. Mwenye nyumba akaweka kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji. Ndani kulibaki godoro, sufuria, kitambulisho cha mama, na kile kitabu nilichokuwa nikikidai mimi mbele ya watu. Mama na mtoto walikuwa wakilala kwa dadake Manyatta, watu saba chumba kimoja.

Tulienda, mimi, mhamasishaji na mzee wa mtaa. Mwenye nyumba naye si shetani. Ni mzee aliyestaafu ambaye vile vyumba sita ndivyo pensheni yake. Alinung'unika, akatoa ufunguo, akasema robo saa tu. Mama Baraka akaingia. Mimi nilidhani atatoka na kitabu kwanza, kwa sababu ndicho kilichotuleta. Alitoka na sufuria.

Kitabu kilipofika mkononi mwangu nilifungua ukurasa wa mchoro wa uzito. Mstari ulipanda vizuri kutoka kuzaliwa hadi mwezi wa tano. Kuanzia hapo ukalala, tambarare kama uwanda wa Kano. Na pembeni, mara tatu, kwa mwandiko wangu mimi, kumeandikwa: ameshauriwa kuhusu lishe. Yaani mara tatu mama yule aliketi mbele yangu, mara tatu nikamwambia mayai, maziwa, ini, ndizi mbivu, na mara tatu akasema "sawa daktari" akaenda zake. Nilimuuliza shida ya kodi ilianza lini. Alihesabu kwa vidole: mumewe alisimamishwa kibarua cha ujenzi mtoto akiwa na miezi mitano. Mstari wa uzito ulikuwa umeijua habari ya kodi kabla yangu.

Hapo nataka tukae kidogo.

Sisi huambiwa umaskini huleta utapiamlo, na tunaitikia kwa kichwa kama watu kanisani. Lakini huletaje? Tazameni mtaa huu. Kodi hulipwa kwa mkupuo. Huwezi kumwendea mwenye nyumba na shilingi hamsini ukamwambia nipunguzie kwenye tarehe tano. Chakula ndicho kinachokubali kukatwakatwa. Unga unapimiwa, mafuta yanapimiwa kwa kikombe, sukari unafungiwa kwenye karatasi, omena unauziwa kwa gorogoro au kwa kijiko, ni mfuko wako tu. Kwa hiyo pesa ikibana, kinachobanwa si nyumba. Ni sufuria. Sufuria haipeleki mtu kwa chifu.

Na sufuria ikibanwa, mkubwa na mdogo hawaumii sawa. Mtu mzima akila mara moja kwa siku, usiku, akashiba ugali na mgongo wazi wa Obunga, ule mfupa wa samaki aliyekwisha kutolewa minofu, ataamka aende kazini. Mtoto wa miezi 9 tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Huwezi kumjaza mara moja imtoshe hadi kesho. Anatakiwa ale mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Nyumba inayoinjika mara moja haina mara tatu za kumpa. Ndipo uji wa asubuhi huongezwa maji ufike jioni. Nimeuona ule uji. Ukiinamisha kikombe unateremka kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto anaunywa wote, analala, mama anasema amekula.

Halafu wewe muuguzi unamfundisha mayai.

Kuna jambo lingine nililichelewa kulijua, nalo ni nguo. Mama hujipamba kuja kliniki. Mtoto ameogeshwa, amepakwa mafuta hadi anang'aa, amefunikwa shali nyeupe safi. Ukiangalia unasema hawa hawana shida. Asubuhi moja niliona shali moja mara tatu. Ile ile, yenye doa dogo la chai kwenye pindo, juu ya watoto watatu tofauti. Ni majirani wa ploti moja. Wa kwanza akimaliza chanjo anatoka nje, anampokeza mwenzake pale langoni. Umaskini unafichwa kwa ustadi mkubwa, ndugu zangu, hasa unapofichwa mbele ya mtu mwenye sare na kalamu.

Sasa kwa nini nasema haya katika mkutano wa afya ya watoto, nisingoje mkutano wa nyumba au wa kazi? Kwa sababu ya hesabu hii. Hesabuni nami. Mtoto wa huku kwetu, ziwani, ratiba yake inamtaka kliniki akizaliwa. Kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14. Kisha miezi 6, 7, 9, 18, na 24, kwa kuwa sisi tuna chanjo ya malaria iliyoanzia Homa Bay Septemba 2019. Hizo ni mara 9, bado hujahesabu siku za kupima uzito tu. Nitajieni ofisi nyingine yoyote ambayo familia maskini huingia kwa hiari yake mara 9 katika miaka miwili. Chifu? Mtu huenda kwa chifu akiitwa. Huduma Centa? Akipoteza kitambulisho. Shule bado. Kliniki ya mtoto ndiyo mlango pekee ambao mama atavaa shali ya kuazima ili aufikie. Na sisi tuliokaa kwenye mlango huo tunapima kilo, tunachoma sindano, tunasema "anayefuata".

Wengine mtasema, huduma ni bure, kazi yetu imekwisha hapo. Mnakumbuka Desemba 2018, Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 za majaribio ya afya kwa wote, na uzinduzi ulifanyika hapa hapa kwetu. Foleni zilirefuka kweli. Ila nilijifunza kwamba bure ina bei yake: nauli ya bodaboda, na kibarua cha siku nzima kilichoachwa. Anayefua nguo za watu Milimani akikaa kwenye benchi yangu hadi saa nane, mchana ule hajalipwa, na jioni ile sufuria itajua. Leo tuna SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, na huduma za zahanati na kituo cha afya zinalipiwa na hazina ya afya ya msingi, jambo zuri. Lakini lazima uwe umesajiliwa, na usajili unataka kitambulisho. Msichana wa miaka 17 mwenye mtoto ataanzia wapi? Na mwenye kitambulisho kilichofungiwa kwenye nyumba ya deni?

Nisije nikaonekana nimevumbua kitu. Watu wameyafikiria haya kabla yetu, na baadhi ya wa mwanzo walikuwa Afrika hii hii. Mwaka 1940 daktari aitwaye Sidney Kark na mkewe Emily, naye daktari, walifungua kituo cha afya Pholela, kijijini Natal, Afrika Kusini. Badala ya kukaa wakingoja wagonjwa, waliwatuma wahudumu nyumba kwa nyumba wakauliza watu wanakula nini, maji wanateka wapi. Wakaanzisha bustani za mboga kama sehemu ya matibabu. Mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alikwenda kujifunza kwao. Miaka ya 1960 akafungua kituo Mound Bayou, jimbo la Mississippi, kwa Wamarekani weusi maskini wa mashamba ya pamba. Watoto walikuja wamekonda. Madaktari wakaanza kuandika chakula kwenye karatasi ya dawa: maziwa, mboga, nyama, kiasi hiki. Mzazi anaipeleka dukani, mwenye duka anatoa chakula, bili inakuja kwenye duka la dawa la kituo. Wakubwa wa serikali waliposikia walikuja juu, pesa ya dawa mnanunuliaje chakula? Geiger akawajibu kwamba kwa kadiri alivyosoma vitabuni, dawa ya njaa ni chakula.

Naipenda sana habari hiyo. Kila nikiisimulia nahisi kama nimemjibu mtu fulani.

Na msiseme huko ni mbali. Eldoret, hapo juu tu, mpango wa AMPATH ulioanza 2001 kutibu Ukimwi uligundua jambo lile lile: mtu hawezi kumeza dawa kali tumbo likiwa tupu. Wakalima mashamba, Shirika la Chakula Duniani likaongeza lake, na daktari akawa anaandika chakula kama anavyoandika vidonge. Baadaye wakaongeza hata msaada wa wanasheria, maana mjane aliyepokonywa shamba hatibiwi kwa dawa peke yake.

Wanasheria katika hospitali, mtashangaa. Boston walianza hivyo 1993, katika idara ya watoto. Mtoto analetwa na pumu, anatibiwa, anarudi nyumbani kwenye ukuta wenye ukungu, wiki ijayo analetwa tena. Mwenye nyumba hasikii barua ya daktari. Akasikia ya wakili. Nasi tuna sheria, ila tunaisahau. Kwa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mitaa yetu imejaa vyumba vya namna hiyo, mwenye nyumba haruhusiwi kujitwalia mali ya mpangaji wala kumtoa bila ruhusa ya baraza la kodi. Lile kufuli la Mama Baraka halikuwa na karatasi yoyote nyuma yake. Mimi sikulijua hilo siku ile. Nilienda kuomba kama anayeomba moto kwa jirani.

Huko huko Boston walifanya jaribio lililochapishwa 2015, nami nimelitafakari sana. Vituo vya afya 8, akina mama 336 wenye watoto wachanga. Nusu ya vituo viliendelea kama kawaida. Katika nusu nyingine, mama alipewa karatasi moja kabla ya kumwona daktari, yenye mambo 6: kazi, masomo ya mzazi, mahali pa kumwacha mtoto mchana, chakula, nyumba, na joto la nyumbani, maana kwao baridi ni shida kama ilivyo malaria kwetu. Na kila jambo lilikuwa na swali la pili: ungependa kusaidiwa? Aliyesema ndiyo alipewa orodha ya mahali pa kwenda, na baada ya wiki chache akapigiwa simu kuulizwa alifika wapi. Baada ya mwaka, akina mama wa karatasi ile walikuwa na kazi zaidi ya wenzao, watoto wao walikuwa wamepata mahali pa kulelewa mchana, na wachache zaidi walikuwa wakilala katika makao ya wasio na nyumba. Kwa karatasi moja na simu moja.

Lakini sikilizeni. Boston ukipewa orodha ya namba, namba zile hupokelewa. Tukiinakili karatasi ile tukaileta Nyalenda, tutakuwa na orodha nzuri ya simu zisizopokelewa. Wao wana ofisi. Sisi tuna watu. Hilo ndilo jambo langu la leo, na kama mngekuwa na haraka ningelisema peke yake nikaketi: mtoto akipimwa, nyumba iulizwe, na swali lisitoke kinywani mwa muuguzi kabla hajajua ni nani atakayetembea na yule mama likijibiwa. Ukimuuliza mtu njaa yake kisha ukasema "pole, anayefuata", umemvua nguo bure.

Na wa kutembea naye mnaye. Ni ninyi. Septemba 2023 serikali iliwatoa wahamasishaji wapatao laki moja nchi nzima na mikoba yao: mizani, kipimajoto, mashine ya presha, na ule mkanda wa kupimia unene wa mkono wa mtoto, uonyeshe kama amekonda. Kila mmoja nyumba kama mia. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi. (Hapa ukumbi ulicheka, nami nikawaacha wacheke, kila mtu na sababu zake.) Ninyi ndio mnaojua mlango upi una kufuli. Mimi niliye nyuma ya meza ndiye niliye na mstari wa uzito. Vitu hivi viwili havijawahi kukutana isipokuwa kwa bahati, kama siku ile mwenzenu aliponijia kunigombeza.

Ukitazama njia ya habari, inakwenda upande mmoja. Ninyi mnaleta taarifa kliniki mwisho wa mwezi: wangapi wamehara, wangapi wajawazito. Inapanda juu. Ni nani aliwahi kuwarudishia habari? Nani aliwahi kuwapigia akasema, mtoto wa nyumba ya mama fulani hajaongezeka gramu hata moja tangu Machi, pita pale jioni? Mikono haijainuka. Naona mmoja. Asante, huyo muuguzi wako anunuliwe soda.

Nawaombeni, wauguzi, hilo tu kwanza. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, mpigie mhamasishaji kabla hujamfundisha mama mayai.

Sasa juu ya kuuliza. Kuuliza kuna namna. Ukisema "mama, mna shida ya chakula?" utajibiwa "hapana daktari, Mungu anasaidia." Nani atasema ndiyo mbele ya benchi? Mimi nilijifunza kuuliza hivi: jana jioni mliinjika saa ngapi? Swali la saa halina aibu. Mtu anajibu kabla hajajikinga. Akisema saa kumi na mbili, ugali na sukuma, vizuri. Akisema saa nne usiku, uliza walikuwa wanangoja nini, utasikia walikuwa wanamngoja baba aje na unga. Akisema, "jana tulikunywa strungi tukalala," yaani chai isiyo na maziwa, basi umeshajibiwa, nyamaza kidogo. La pili: hapo mnapolala, mwezi ujao mtakuwa mngali hapo? La tatu: kuna karatasi yoyote unayoitafuta na huipati? Hilo la karatasi msilidharau. Mtoto aliyezaliwa nyumbani bila kuandikishwa kwa naibu wa chifu, miezi sita ikipita anaingia kwenye usajili wa kuchelewa, safari zinaongezeka, na siku ya kuingia shule cheti cha kuzaliwa kitadaiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, na chakula, na makao, na matibabu, vyote kwa pumzi moja. Sisi ndio tuliovitenganisha kwa madirisha.

Na mwisho wa maswali, la nne, ambalo mimi nililiruka miaka mingi: ungependa tulishughulikie, au tuliache? Wapo watakaosema liacheni. Waacheni. Kuna mama aliniambia njaa ataivumilia, ila shemeji yake akijua, hataivumilia. Kwa hiyo pia tusiulize pale penye mizani, mbele ya watu. Mtoto akishachomwa sindano hulia, mama hutafuta kona anyonyeshe amtulize. Dakika tano zile, palepale konani, ndipo mahali pake. Mnasema foleni ina watoto 60, hakuna muda. Najua. Muuguzi hahitaji kuwa yeye anayeuliza. Mhamasishaji mmoja akikaa kwenye ile kona siku za kliniki, kwa zamu, inatosha kuanzia.

Mkishauliza mtawapeleka wapi? Mahali penyewe mnapajua kunishinda. Deni la nyumba, mzee wa mtaa na mwenye nyumba wakae chini kabla ya kufuli, wagawe deni vipande. Vyama vyenu vya kuchanga, vingine vina mfuko wa dharura ambao haujawahi kuguswa tangu msiba wa mwaka juzi, anzieni hapo. Mzee wa zaidi ya miaka 70 au yatima ndani ya nyumba, ulizeni kama wamo katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Shilingi 2,000 za mwezi ni unga wa siku nyingi kwa bei ya kupimiwa. Mtoto anayepigwa au kuachwa, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, au nenda kwa afisa wa watoto, hilo lisizungushwe kwenye vikao. Na mkanda ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, usipige simu wala kuita kikao. Mbebe mtoto mwende siku hiyo hiyo. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, ndipo kuna nafasi ya kuwahi. Njano ndiyo rangi ya mkutano huu.

Mama Baraka yupo. Anakaanga mgongo wazi barabarani, deni analipa kidogo kidogo na bado hajalimaliza. Mtoto alipata chanjo zake amechelewa. Alipofika miezi 13 mstari ulianza kuinuka, si kwa kishindo. Akinikuta sokoni Kibuye hunisalimia, "Daktari, Mombasa hawajambo?" Ananichekea mbele za watu, na ni haki yake.

Maswali.

Aliyesimama kwanza alikuwa mmoja wa wahamasishaji, mkoba wake begani, mtoto mgongoni. Ndiye yule niliyemwambia mwanzoni asitoke nje. Akasema, "Sista, umetufundisha kuuliza. Sisi tunaouliza, ni nani atatuuliza?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Nikamuuliza: jana jioni mliinjika saa ngapi?

Akasema, "Hatukuinjika."

Sikuendelea na swali la pili. Nilimwomba mwenyekiti aendeshe kikao, tukatoka naye nje, tukakaa kwenye ngazi za nyuma ya kanisa. Alimteremsha mtoto. Miezi 11, ameng'arishwa kwa mafuta. Mkanda alikuwa nao mwenyewe mkobani, na ni yeye aliyeufunga kwenye mkono wa mwanawe, kwa ustadi kuliko wangu, akausoma kwa sauti kama afanyavyo kwa watoto wa watu.

Kumi na mbili nukta moja.